Habasoda si glavu

Mhariri, salaam aleikum.

Ile makala yenu ya mimea kama habasoda na manjano inayokinga jeni (vinasaba vya mwili) zisiharibiwe na dawa za wadudu niliisoma nikafurahi, halafu nikaogopa. Huku kwetu Malindi upande wa Sabaki tunakolima nyanya, hazikupita siku mbili vijana wanaopiga dawa washaanza kusema kumbe kijiko cha habasoda asubuhi chatosha, glavu za nini na jua hili. (Ami yangu yeye alisikia "jini", akasema hilo ashalijua zamani kuwa habasoda yalifukuza, sikumbishia.)

Uongo hamkuandika. Manjano na habasoda zimejaribiwa kweli, lakini waliojaribiwa wengi ni panya. Panya hawa wapewa sumu kama klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, wale wapewa sumu ileile pamoja na dondoo la mmea, na saa nyingine dondoo latangulia siku kadhaa, kisha uboho wa mifupa waangaliwa kuhesabu chembe zenye vipande vilivyomeguka vya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni. Waliopata dondoo vyapungua, maana sumu ile huzalisha radikali huru, yaani molekuli korofi, zinazokata DNA ya hizo jeni na mmea wazizima baadhi. Vyapungua, haviishi. Na dozi yenyewe yapimwa kwa uzito wa panya, si kijiko cha kwenye uji, tena manjano ukiyala ile kurkumini, kiini chake kinachofanya kazi, inayofika kwenye damu ni kidogo mno.

Sa kijana kabeba pampu ya lita 20 inamvujia mgongoni, miguu peku, fulana imeloa chapa, ngozi yainywa dawa asubuhi nzima, hiyo habasoda itapambana na nini? Mi mwenyewe nimepiga misimu miwili hivyohivyo, jioni kichwa chagonga, macho yaona ukungu, nikinywa maziwa nalala, ndo tiba tuliyoambiwa. Kichwa kikitulia wadhani yameisha, lakini jeni ikikatika haiumi. Hata ule utepe wa rangi kwenye lebo, nyekundu mpaka kijani, wakwambia sumu itakudhuru upesi kiasi gani ukiila ama ikikugusa, haukwambii habari ya jeni, na watu wakiona kijani waichukulia kama juisi.

Ulaya hiyo klorpirifosi waliifungia 2020, na kati ya sababu zao mbili kubwa moja ni wasiwasi huuhuu wa jeni, nyingine ni ubongo wa watoto. Sikusikia wakiwaambia wakulima wao wanywe manjano.

Ombi langu, mkirudi kwenye mada hii wekeni na glavu na gambuti, na nguo za dawa zisifuliwe na za watoto, na siku ngapi mtu asubiri kabla ya kuchuma, maana kuna nyanya zapigwa leo kesho ziko sokoni. Na hizo lebo mtutafsirie jamani, ni kizungu kitupu na herufi kama chungu.

Mkulima wa nyanya,
Malindi