Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Damu za Watoto Wetu Huenda Wapi?

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, nanyi vijana mnaoishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Mengi ya mwaka huu ni ya kawaida. Kamati imekutana kila robo mwaka, isipokuwa wakati wa masika ambapo barabara zilitushinda. Ada zinaingia kwa kusuasua, lakini mahesabu ni ya mhazini na sitamnyang'anya kazi yake. Tumewatembelea waliolazwa, tumehimiza ndugu na majirani kuchangia damu. Hiyo ya damu tuiongezee nguvu, maana mtoto aliyepungukiwa damu usiku hawezi kusubiri vikao.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni swali la mama mmoja katika mkutano mkuu uliopita: hawa wataalamu wanaochukua damu za watoto wetu kwa utafiti, wanazipeleka wapi? Baadhi mlicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Kamati iliamua kulijibu kwa kufuata kazi ya mtu mmoja, Profesa Julie Makani, daktari na mtafiti wa selimundu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya vikundi vyetu mwaka huu.

Profesa Makani alizaliwa Arusha mwaka 1970. Udaktari alisomea Muhimbili, akahitimu 1994, kisha akaenda Uingereza kusomea tiba ya magonjwa ya ndani katika Hospitali ya Hammersmith, London, na baadaye kufanya utafiti Oxford. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalogharamia utafiti wa afya, wa kuchunguza selimundu hapa nyumbani. Mwaka uliofuata kliniki ya Muhimbili ikaanza kuandikisha wagonjwa mmoja mmoja na kuwafuatilia kila wanaporudi.

Kwangu mimi, daftari hilo linazidi medali yoyote. Wangapi kati yetu tumezika mtoto, tukaambiwa ni homa, au amerogwa? Hadi 2009 walikuwa wamefuatiliwa wagonjwa 1,725, na 86 kati yao walifariki. Ukiwachukua wagonjwa 100 kwa mwaka mmoja, wanaofariki ni kama wawili. Ukiwachukua walio chini ya miaka mitano peke yao, ni saba. Na hao ni waliobahatika kufika kliniki. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao damu yao ilikuwa imeshuka sana na wenye macho ya manjano sana. Kwa hiyo daktari anapokukazania upime wingi wa damu hata kama mtoto anacheza, anajua anachokitafuta.

Jambo la pili linahusu malaria. Tumezoea kusikia kwamba selimundu inakinga malaria. Kinga hiyo ni yetu sisi wazazi tuliorithi kinasaba upande mmoja tu. Utafiti wa Muhimbili uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa wenyewe hawakukutwa na malaria mara nyingi, ila aliyelazwa akiwa nayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo anayemwambia jirani kwamba mtoto wa selimundu hahitaji chandarua, tafadhali aache.

Mwaka 2011 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilimpa Profesa Makani Tuzo ya Royal Society Pfizer, pamoja na pauni 60,000 za kuendeleza utafiti. Mwaka 2019 BBC ilimweka katika orodha yake ya wanawake 100. Kikundi kimoja kiliuliza kama wagonjwa walipata fungu. Fedha za tuzo ya namna hiyo ni za utafiti, wala hazigawiwi. Fungu letu liko kwenye kazi zilizofuata. Miaka ya 2015 na 2016, kwa mfano, watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa Muhimbili na Temeke, wakapatikana 31 wenye selimundu kabla hawajaanza kuugua. Nchini kwetu inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, na sisi wa Kanda ya Ziwa mzigo wetu ni mzito kuliko mikoa mingi.

Sisemi kila anayekuja na sindano akubaliwe. Mzazi ana haki ya kusomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, kuuliza majibu yatarudi lini, na kukataa bila mtoto kunyimwa matibabu. Yule mama aliuliza vizuri, na aendelee kuuliza.

Kamati inaleta hoja mbili. Kwanza, chama kiwe na daftari lake: tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, umri aliogunduliwa, mara alizolazwa na alizoongezewa damu. Litatunzwa na katibu kwenye kabati lenye kufuli, na halitatolewa kwa yeyote bila idhini ya mzazi. Pili, kila mwanachama anayetarajia mtoto aulizie kipimo cha selimundu mapema, asisubiri vidole vya mtoto kuvimba.

Rasimu ya daftari iko mezani kwa katibu. Ipitieni wakati wa chakula. Tutapiga kura kabla ya uchaguzi wa kamati mpya.