Milima ya ng'ambo

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo sote. Goti la baba yako limetulia, na bibi yako anakula vizuri. Mdogo wako kanifikishia swali lako, kama kile kijisanduku cha rangi za maji ulichokiacha juu ya kabati kingalipo. Kipo, ila si chako tena. Nimekitwaa.

Najua utacheka. Lakini sichori mashua wala minazi, hizo zimejaa tele kwenye maduka ya Mji Mkongwe na wageni wanazibeba kila siku. Nimejipa mtihani mmoja: milima ya Usambara kule bara, vile inavyoonekana kutoka hapa kwetu Pemba, kwa brashi moja na rangi mbili, mpaka baba yako aitazame karatasi na aseme ule ni mlima bila ya mimi kumuuliza. Kwa sasa anasema ni wingu, na anasema kwa furaha kabisa.

Ukumbuke pale juu ya bandari. Karibu yako mikarafuu, chini mikoko, kisha maji, kisiwa cha Fundo upande wa kulia, halafu bahari mpaka mwisho wa macho. Mvua ikinyesha usiku hewa inaoshwa, na asubuhi jua likitoka nyuma yetu linaipiga milima usoni. Vinaonekana vilele tu. Masafa yanapita kilomita 100, na kwa umbali huo mviringo wa dunia unaificha miguu ya mlima nyuma ya bahari. Kule Usambara Magharibi vilele vinapita mita 2,000, ndiyo maana vinaweza kutuchungulia. Jua likipanda kidogo na joto likaanza, weupe unainuka juu ya maji na milima haipo tena. Muda ni mchache, na rangi za maji hazikubali kuharakishwa. Hapo ndipo mtihani ulipo.

Kitu cha kwanza kilichonishughulisha ni rangi yenyewe. Milima ile ina misitu, ni ya kijani kama kisiwa chetu, lakini kutoka hapa huoni kijani hata chembe. Hewa iliyopo kati yetu na mlima inautawanya mwanga wa jua, na mwanga wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu. Kwa hiyo unapotazama mlima wa mbali unatazama pia hewa yote iliyo mbele yake, na hewa hiyo ina mwanga wake. Leonardo da Vinci aliwafundisha wachoraji kwamba nyumba unayotaka ionekane mbali mara tano, uifanye buluu mara tano. Mimi naona kwa hewa yetu ya Pemba kanuni hiyo haitoshi. Unyevu wetu unaleta weupe, na ukizidisha buluu bila kuipunguza nguvu mlima unakuja mbele, unakaa juu ya Fundo. Kivuli cheusi kabisa cha mlima wa mbali kinatakiwa kiwe chepesi kuliko hata upande wenye jua wa mkarafuu ulio karibu. Jambo hili macho yanaliona upesi, lakini mkono unalikataa.

Buluu ninayotumia ni ultramarini. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya kushindana na dhahabu. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akapewa tuzo kwa kupata njia ya kuitengeneza kiwandani, bei ikaanguka. Na unajua ikaishia wapi? Kwenye beseni la kufulia. Ile buluu ya unga tunayotia kanzu za baba yako ili zing'are, kwa kawaida hutengenezwa kwa ultramarini hiyo hiyo. Miaka yote nimeishika bila kuijua! Nikiichanganya na ile rangi ya kahawia ya udongo wa Siena, Italia, uliochomwa, napata kijivu cha asubuhi ya mvua, na kijivu hicho ndicho kinachoufanya mlima urudi nyuma mahali pake.

Karatasi nayo ina mambo yake. Ya kutolea kopi, ya gramu 80, ikipata maji inajikunja na maji yanajikusanya mabondeni. Inatakiwa nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ya pamba ndiyo bora. Unailowesha, unaitilia anga, halafu unangoja. Ikiwa bado inang'aa, rangi ya mlima itasambaa yote na baba yako atakuwa na haki ya kusema wingu. Ikikauka kabisa, ukingo wa mlima unakuwa mkali kama umekatwa kwa mkasi. Unaitaka katikati, mng'aro umeondoka na ubaridi ungalipo, na hapo mimi nina bahati kwa sababu nimekulia kwenye majamvi ya karafuu: natia mgongo wa mkono tu, kama ninavyopima karafuu kama zimefika. Hewa yetu ya unyevu inachelewesha ukaukaji, kwa hiyo nafasi ya kazi hiyo ni ndefu kidogo. Ndiyo faida yake pekee, maana karatasi ukiisahau stoo wakati wa masika inaota ukungu.

Rangi nyeupe huipaki. Nyeupe ni karatasi yenyewe uliyoiacha, na ukishaifunika imekwenda. Kwa hili rangi za maji ziko mbali kabisa na zile picha za Tingatinga unazoziona huko Dar. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, nzito, yenye kufunika. Ndege mweupe unaweza kumweka juu ya mti mweusi mwishoni kabisa. Sisi tanga la dau lazima uliamue kabla hujagusa brashi.

Nikuambie kwa nini nimechagua mlima na si kitu cha karibu. Nimeshona kofia tangu sijaolewa, vitundu vile vidogo, kila kimoja kwa sindano, na kofia isiyokamilika haiuziki. Macho yangu yamezoea urefu wa mkono. Mlima huu haunipi kitundu cha kujaza. Mkono unataka kuongeza mti, ufa, kivuli kingine, na kila ninachoongeza kinaujongeza mlima karibu. Basi naweka brashi chini na kukaa juu ya mikono yangu, jirani akipita anadhani nasubiri boti.

Baba yako anauliza picha hii itauzwa wapi. Nimemwambia haiuzwi, naye kanyamaza, ila jana kanisogezea kiti pale penye kivuli.

Ukipata mtu anayekuja kwa boti mpe karatasi zile nzito, zilazwe bapa baina ya makadi mawili, zisikunjwe. Brashi usinunue, ninayo. Na buluu usilete, ipo.

Mama yako