Simu mnayotaka ninyang'anye ni yangu

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kuhusu maji, miaka 11 iliyopita, na maji hayakutoka. Nikaapa sitaandika tena. Ila ile habari yenu ya semina ya wazazi na usalama wa watoto mtandaoni imenishinda kuivumilia. Unaikumbuka: picha ya mgeni rasmi imekula nusu ukurasa, maneno yakabanwa kwenye kona, na katika hayo maneno ushauri ulikuwa mmoja tu. Wazazi wameacha malezi, wawanyang'anye watoto simu.

Nimnyang'anye nani? Mjukuu wangu hana simu. Yuko darasa la sita, nakaa naye hapa Uru, mama yake anatafuta maisha Dar es Salaam. Simu anayoshika ni yangu, na anaishika kwa sababu shule yake inatuma kazi za nyumbani kwenye grupu la WhatsApp saa tatu usiku, na macho yangu hayazioni tena herufi zile. Mwalimu anataka mtoto ashike simu, mgeni rasmi anataka nimpokonye. Kakubalianeni kwanza wenyewe kwa wenyewe, ndipo mtuite.

Ngoja nikueleze yaliyonikuta. Desemba, kama ilivyo desturi yetu huku, watoto wote walirudi nyumbani, na binamu zake kutoka Dar wakamwachia game moja la kupigana risasi kwenye simu yangu. Walipofika penye kujaza umri, wakamwandikia amezaliwa 1990. Mimi naona watoto wametulia migombani, namshukuru Mungu. Kumbe humo ndani ya game wachezaji wanaongea, na hawajuani. Akatokea mmoja akajiita kaka. Kaka akawa anampa mtoto zawadi za humo humo kwenye game, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadai kitu. Wiki ya pili akaomba picha. Mtoto akajipiga akiwa amevaa sweta la shule, jina la shule limeshonwa kifuani. Wiki ya tatu kaka akataka hela, la sivyo atampigia mwalimu mkuu amwambie kuna mwanafunzi wake anaiba simu ya bibi yake usiku. Namba yangu ya siri mtoto anaijua, maana nilimpa mwenyewe ili anisaidie kutuma hela. Zikaondoka shilingi 15,000, zikafuata 20,000, zikafuata 10,000, na meseji anazifuta. Nilikuja kushtuka siku ya kununua pumba za ng'ombe, salio halitoshi. Nikamuuliza, baba, kwa nini hukuniambia? Akalia mpaka kwikwi. "Bibi, mjomba alisema nikikutwa na mambo ya ajabu nanyang'anywa simu." Unasikia hapo, Mhariri? Siku zote hizo mtoto wa miaka 12 anabeba vitisho vya mtu mzima peke yake, kwa sababu ya ushauri huo huo mliouchapisha kama dawa! Yule tapeli hakuwa na kazi ya kumfunga mtoto mdomo. Tulishamfungia sisi.

Nikashuka mjini na daladala, mtoto nimemshika mkono, hadi ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana wa pale, hata shikamoo haikumtoka, akaniambia nirudi na mzazi halisi wa mtoto, tena nije na "simu husika". Simu husika nilikuwa nimeishika. Nikarudi zangu Uru.

Mimi niliajiriwa Posta na Simu mwaka 1979, nikawa opereta wa kuunganisha simu mpaka shirika lilipogawanywa 1994. Mtu akitaka kuongea na nyumba ya watu alipita kwangu kwanza: unaitwa nani, unamtaka nani, unapiga kutoka wapi. Sisemi turudi huko. Na ukweli ni kwamba tulikuwa tunasikiliza mazungumzo ya watu, Mungu atusamehe. Lakini mgeni hakumfikia mtoto bila mtu mzima kujua. Leo kazi ile ile nimerudishiwa uzeeni, bila swichibodi na bila mshahara.

Tena hao wataalamu wenu wamewatia watoto wote kapu moja. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Huyo mpokonyeni, nitawasaidia. Wa darasa la sita atumie simu sebuleni, na maongezi na wachezaji asiowajua yazimwe. Kumbe kuna mahali pa kuyazima! Binti wa jirani alinionyesha kwa dakika mbili jambo ambalo semina ya kutwa nzima haikuligusa. Wa kidato cha tatu huwezi kumkalia shingoni. Huyo mwambie mapema kwamba siku akikwama, simu itabaki kwake.

Na shule nazo! Mahafali ya mwaka jana shule ya mjukuu wangu ilimwaga mtandaoni picha za watoto, majina matatu matatu, darasa na mahali wanakotoka, ili ivutie wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini sijaona karatasi ya kunitaka nisaini. Yule kaka angetafuta humo kidogo, hata picha asingehitaji kuiomba. Sweta lenyewe tunalazimishwa kununua shuleni kwa 28,000 wakati sokoni Mbuyuni unalipata kwa 12,000, ila hilo nitaliandika siku nyingine nikiwa na nguvu.

Pendekezo langu ni hili. Jalada la nyuma la daftari, pale penye jedwali la kuzidisha, wachapishe 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, iwe kubwa kuliko nembo ya kiwanda. Gazeti lako halikuiandika, ingawa chakula cha mchana cha washiriki mlikitaja. Na semina ijayo muifanyie sokoni Mbuyuni, saa nne asubuhi, tuwepo sisi mabibi na madada wa kazi, kwa kuwa simu zinazochezewa ni zetu.

Nyumbani kwangu sijanyang'anya mtu kitu. Namba ya siri nimebadilisha, na mjukuu namlipa shilingi 200 kwa kila mtu asiyemjua atakayemwandikia, mradi anionyeshe kabla hajajibu. Hadi jana ameshanionyesha saba. Watano ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini anasisitiza nao wanahesabiwa. Ananidai 1,400.

Opereta Mstaafu,
Uru, Moshi