Mbege huharibikia kwenye kimea, si kwenye ndizi

Ndugu Mhariri,

Desemba ikikaribia, Wachaga walio mijini hugawanyika: kuna wanaopanda basi kwenda Rombo, Machame na Marangu, na kuna wanaobaki na kuamua kujipikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, uani. Hawa wa pili ndio tunaowaandikia. Mbege ikiwashinda hulaumu ndizi za sokoni, kisha humwaga sukari kilo tatu na pakiti nzima ya hamira. Kinachopatikana hapo kinalewesha, lakini si mbege.

Kosa mara nyingi liko kwenye ulezi. Unga wa uji wa dukani kwa kawaida haujaoteshwa, kwa hiyo haufai. Kinachotakiwa ni kimea, yaani ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Kwa ndoo ya lita 20 chukua ulezi kilo 2, peta, osha, loweka kwa saa 24 huku ukibadili maji mara mbili. Chuja, tandaza kwenye gunia safi lililolowa, unene usizidi vidole viwili, funika na weka kivulini. Nyunyizia maji asubuhi na jioni na kugeuza kwa mkono, maana katikati hupata joto, na joto likizidi chipukizi hufa. Siku ya tatu au ya nne mizizi ikishatoka vizuri, anika juani mpaka punje ikitafunwa ikatike kwa mlio na kuacha utamu mdomoni. Pukuchua mizizi, saga. Kimea cha kununua nacho kijaribu kwa meno hivyo hivyo kabla hakijasagwa.

Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, tupa ulezi wote. Usichambue, usioshe, wala usijidanganye kwamba moto utausafisha: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa.

Ndizi ni kazi nyepesi zaidi. Kilo 8 zilizoiva mpaka ganda lina madoadoa meusi zitakupa kama kilo 5 za nyama. Ndizi isiyoiva sawasawa bado ina wanga, itakupa uji mzito usio na utamu. Menya, ponda, tia maji lita 15, chemsha kwa moto wa wastani saa nne au zaidi mpaka rangi iwe nyekundu ya kahawia, ukiongeza maji yanapopungua. Ipoe kabisa, hamishia kwenye ndoo, funika kwa kitambaa na uache siku tatu hadi tano. Dar es Salaam joto huharakisha, kwa hiyo siku mbili au tatu zinatosha. Chuja kwa kitambaa safi bila kukamua kwa nguvu.

Hapa ndipo wa mjini hukwama: siku zinapita, maji ya ndizi yametulia tuli. Chachu ya kwenye ndizi imekufa jikoni, na ndoo mpya ya plastiki haina chachu, tofauti na chombo cha mpishi wa kila wiki. Omba kikombe cha machicha ya mbege nzuri umwagie humo baada ya kupoa. Ukikosa kabisa, hamira nusu kijiko cha chai inatosha ndoo nzima.

Sasa mso, yaani uji wa kimea. Kila mama aliyewahi kulegeza uji mzito wa mtoto kwa kijiko cha kimea anajua kimea kinavyofanya kazi: hugeuza wanga kuwa sukari. Kikichemka, nguvu hiyo hufa. Kwa hiyo pima unga wa kimea kilo moja na nusu, tenga robo yake pembeni. Uliobaki koroga kwanza kwa maji baridi, upike katika maji lita 3 pamoja na kipande cha gome la mti wa msesewa linalotia uchungu, dakika 20. Epua, ongeza maji lita 3 yaliyochemshwa na kupozwa. Mchanganyiko utashuka hadi karibu nyuzi 60. Hapo ndipo unakoroga ile robo. Funika kwa blanketi saa moja. Uji utalegea na kuwa mtamu ulimini. Usipolegea, kimea chako hakikuota, au umekitia kwenye uji wa moto mno.

Gome la msesewa lisizidi kidole kimoja, na litolewe baada ya kupika. Mti huu ni wa jamii moja na ule uliotoa reserpini, dawa ya shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za presha apikiwe mbege isiyo na msesewa. Itakosa ule uchungu wake tu.

Mso ukipoa hadi uvuguvugu, changanya na maji ya ndizi, funika bila kukaza. Gesi inatoka, na dumu lililofungwa kwa nguvu hupasuka. Baada ya saa 12 hadi 24 inanyweka. Siku ya pili bado nzuri, siku ya tatu inaelekea kwenye siki.

Vyombo navyo vinaponza. Uchachu wa mbege hula zinki iliyopakwa kwenye bati, kwa hiyo ndoo na mapipa ya bati ni ya maji ya kufulia. Pipa lililowahi kubeba kemikali au mafuta ya mitambo halisafishiki, hata lioshwe kwa sabuni gani. Tumia plastiki ya chakula, mbao au sufuria isiyoshika kutu.

Haya yote ni ya kunywa nyumbani. Kuuza kunahitaji leseni ya pombe, na anayefikiria kuichemsha ili akusanye mvuke ajue hiyo tayari ni gongo, ambayo sheria inaikataza.

Kabla hamjamaliza ndoo, chota kikombe cha machicha ya chini, weka kwenye jokofu. Wiki ijayo hutahitaji kuomba kwa jirani.

Wapishi wa mbege,
Marangu, Kilimanjaro