Barua kwa Chebet: siku nilikaa kiti cha navigeta

Chebet mama, pesa ya chakula iliingia? Haya, nataka kukuambia kitu na usinicheke.

Juzi nilipeleka spea Naivasha, shamba moja upande wa Kedong, dere wa rali alikuwa anatesti gari na navigeta wake, yule wa kumsomea njia, amechelewa, basi huyo kijana akaniangalia akasema mzee si uingie wewe, mimi nataka uzito tu hapo kushoto. Uzito! Mimi niliyeendesha matatu Nakuru-Nairobi miaka 19. Nikaingia. Nikavalishwa helmeti na ile ovaroli ya kuzuia moto, mishipi ikanibana kila upande nikawa kama mtoto wa mgongoni.

Unajua vile napenda hii kitu. Tukiwa wadogo Safari Rally ilikuwa ya Pasaka na barabara hazifungwi, tunasimama kando kungoja Datsun ya Shekhar Mehta, yule alishinda mara 5, ikipita unaona vumbi tu na umefurahi mwaka mzima. Hata ile 2022 Rovanperä, yule dere wa Finland, akishinda, mimi na wewe tulikula vumbi tukaenda nyumbani. Kwa hivyo maisha yangu yote nilidhani siri ni kukanyaga mafuta bila kuogopa.

Kona ya kwanza nikajua tumekufa. Kona inaenda kulia, yeye anaivuta gari kushoto kwanza, halafu mkia unabembea na tunaingia kona kiubavu, mimi naangalia mbele kupitia dirisha la mlango wangu! Mawe yanagonga chini kama mvua ya Nakuru kwa mabati. Nikaangalia miguu yake, mguu wa kushoto uko kwa breki unagusagusa tu, wa kulia bado uko kwa mafuta. Mikono imetulia kabisa. Na hapo hapo kwa intakomu ananiuliza, mzee, gunia la mahindi Kitale ni ngapi saa hii? Sikuweza kujibu, ulimi ulikuwa umekauka.

Lakini kitu kimenikaa ni hiki. Tuko kwa straiti, gari inalia, akashusha gia mbili bila sababu, nikaona barabara iko wazi kabisa. Akatembea polepole. Kidogo ng'ombe wakatokea kwa vichaka vya leleshwa, kama 30 hivi, na mtoto na fimbo yake. Nikamuuliza ulijuaje, akasema aliona kavumbi juu ya kichaka, na leo hakuna upepo. Basi. Mimi nilikuwa naangalia boneti.

Nikakumbuka ile siku ya raundabauti, vile nilikupigia kelele kanyaga, kanyaga, unaogopa nini, mpaka ukazima gari watu wakatupigia honi. Ulikuwa umeniambia kuna boda inakuja. Na ilikuja kweli, ikapita mbele yetu bila hata kuangalia, na bado nikakasirika. Hiyo nilikosea mama.

Tuliposimama miguu ilikuwa inatetemeka, wakanifungua mishipi kama mgonjwa. Yule kijana akanionyesha chini upande wangu, kisigino cha kiatu kimeng'oka, kumbe nilikuwa nakanyaga breki ambayo haiko.

Ukifunga shule tutachukua ile pikapu twende mpaka Gilgil, wewe uendeshe. Mama yako nimemwambia nilipeleka spea Naivasha, na si uongo.

Baba