Barua kwa Mwanangu Kabla ya Kambi ya Agosti

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaikum. Nimepata habari kwa mdogo wako, wala si kwako, kwamba kocha wa futiboli ya Kimarekani hapo chuoni amekuondoa kwenye nafasi ya kotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, na sasa anataka ukimbie na mpira, uudake, uwazuie wapinzani, na hata uingie na kikosi cha mikwaju, kile cha wakati mpira unapopigwa kwa mguu, na kwamba ulimjibu papo hapo kuwa uko tayari. Anasema ulicheka ukajiita Taysom Hill. Je, ulimweleza kocha habari za goti lako?

Nimesoma habari za huyo Hill, kwa kuwa mtu anayefuatwa na mwanangu sharti nimjue. Pale Chuo Kikuu cha Brigham Young misimu yake minne ilikatizwa na majeraha: goti mwaka 2012, mguu mwaka 2014, unyayo mwaka 2015 na kiwiko mwaka 2016. Mwaka 2017 hakuna timu ya NFL, ligi ya kulipwa, iliyomchagua. Green Bay Packers walimjaribu wakamwacha, ndipo New Orleans Saints walipomchukua na kumtumia kila palipokuwa na pengo. Mwaka 2020, kotabeki wao Drew Brees alipovunjika mbavu, Hill alianza mechi 4 kama kotabeki na timu ikashinda 3. Hata hivyo, Brees alipostaafu mwaka uliofuata, msimu ulianza nafasi ile ikiwa ya Jameis Winston. Najua utanitajia mkataba wa dola milioni 40 aliopewa mwaka huohuo wa 2021. Fedha hizo sizibezi, ila wewe bado hujalipwa hata senti, na goti ulilo nalo ndilo hilohilo.

Hapo ndipo nilipokufikiria. Mtu hodari haachiwi kazi moja. Huongezewa zile ambazo wenzake wamezikwepa. Hilo umelijua katika nyumba hii, kwani nilipokuwa zamu ya usiku sikukuuliza kama umechoka. Nilikuachia orodha mezani, ukaimaliza, nami siku iliyofuata nikaifanya ndefu zaidi. Usidhani kwamba kocha atakuuliza kile ambacho mama yako hakukuuliza.

Tarehe 17 Novemba 2024, dhidi ya Cleveland Browns, Hill alikimbia yadi 138, akavuka mstari wa bao mara 3, akadaka pasi 8 na kurusha nyingine mwenyewe. Nilitazama picha za mechi hiyo mara mbili, na siwezi kukuficha kwamba nilikuona wewe katika namna anavyoinamisha bega kabla ya kugongwa. Wiki mbili baadaye, dhidi ya Los Angeles Rams, kano ya goti lake ilikatika, akiwa na umri wa miaka 34. Mchezaji wa nafasi moja hugongwa kwa namna ambayo mwili wake huizoea. Anayecheza kila mahali hugongwa na watu wa kila umbo, kutoka pande asizozitazamia, na katika mikwaju wote huja wakiwa katika mwendo wa kasi kabisa.

Sikukatazi kucheza. Kocha hakukosea kuona kwamba unaweza yote hayo, na mjomba wako amechoka kunisikia nikikusifu kazini na msikitini. Lakini kuficha uvimbe kwa barafu na suruali ndefu si uhodari, na kunifanya niyapate mambo yako kwa mtoto wa miaka 12 si adabu. Nenda kwa daktari wa timu kabla ya kambi, upigwe picha ya goti, kisha umuulize kocha, mbele ya mtu mwingine, kama ufadhili wako wa masomo utabaki endapo utaumia ukicheza nafasi ambayo hukusajiliwa kuicheza. Jibu hilo ulipate kwa maandishi.

Kadi mpya ya bima nimeitia katika bahasha hii. Ile ya zamani itupe. Gari limerudi kwa fundi kwa sababu ya breki, hivyo sitaweza kuja Houston hadi Jumamosi nyingine, na bibi yako anataka umnunulie dawa yake ya macho huko, kwa kuwa duka la hapa limeishiwa. Ukitoka kwa daktari nipigie baada ya saa nane mchana, maana asubuhi nitakuwa nimelala.

Mama yako