Barua ya malalamiko: taa ya mbele isiyosetika

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Magari,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TAA YA MBELE YA KUSHOTO MLIYONIUZIA KAMA ORIJINO, AMBAYO AJASTA YAKE (SKRUBU YA KUELEKEZA MWANGA) HAISHIKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu kutoka Morogoro. Nadai Sh 185,000 nilizolipa kwa taa ambayo haiwezi kusetiwa, na nataka ofisi yako ielewe hatari mnayoiuza pamoja na taa za namna hiyo.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1999. Taa ya kushoto ilianza kucheza kila nikipita tuta: mwanga unashuka chini ya bampa, unapanda, unashuka tena. Nilifungua bampa nyumbani, nikatoa boliti za taa kwa spana namba 10, nikaitazama kwa nyuma. Rifleta ya taa hizi, yaani sahani ya ndani inayorudisha mwanga mbele, haikugandishwa kwenye bodi ya taa. Inashikiliwa sehemu tatu: moja ni egemeo, mbili ni ajasta, moja ya kuinua na kushusha mwanga na nyingine ya kuupeleka kushoto au kulia. Ncha ya kila ajasta ina kichwa cha mviringo kama gololi, kinachokaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki kilichochomekwa kwenye rifleta. Kikombe hicho ndicho kilichopasuka. Balbu ya halojeni ya wati 55 au 60 ikiwaka miaka zaidi ya 20 karibu na plastiki, plastiki hukauka ikawa kama ganda la yai, na hapo tuta moja linatosha. Kila kitu kingine kwenye taa ile kilikuwa kizima: kioo, rifleta, soketi ya balbu, hata skrubu yenyewe.

Nilikuja dukani kwenu na kile kikombe kilichopasuka mkononi nikaomba kingine. Nikaambiwa hakiuzwi peke yake, ninunue taa nzima. Nikauliza kama taa iliyopo ni orijino, nikajibiwa ndiyo, na kwenye risiti ya EFD (mashine ya kodi) imeandikwa hivyo hivyo: TAA MBELE KUSHOTO ORIJINO. Nikalipa.

Jioni ile ile niliifunga. Kuseti taa si kazi ya kukisia. Unaegesha gari mahali pa tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zote zina upepo sawa. Unapima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, unachora alama ukutani, kisha unashusha mwanga wa dimu, yaani mwanga mfupi usio full, mpaka ukingo wake wa juu ukae sentimita 10 chini ya alama. Huo ni mteremko wa asilimia moja: sentimita 10 kwa mita 10. Nilizungusha skrubu ya ajasta kwa bisibisi ya nyota. Mwanzoni rifleta ilifuata. Baadaye bisibisi ikawa inazunguka na mwanga umesimama pale pale, na ndani nikasikia meno yanaruka. Nilipofungua kifuniko cha ajasta nilikuta gia ya plastiki laini ambayo meno yake matatu yalikuwa yamesagika na kuacha unga mweupe juu ya grisi. Taa ilikuwa haijasafiri hata kilomita moja. Kwenye kioo hakuna jina la mtengenezaji wala namba yoyote. Taa niliyoitoa, pamoja na uzee wake, ina vyote viwili.

Naomba usome hesabu ifuatayo kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoniumiza kuliko fedha. Katikati ya taa yangu iko sentimita 65 kutoka ardhini. Ikisetiwa asilimia moja chini, mwanga wa dimu unagusa barabara mita 65 mbele. Ajasta ikilegea na mwanga ukashuka hadi asilimia nne, unagusa barabara mita 16 tu mbele. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Maana yake dereva anamwona mwenye baiskeli isiyo na taa akiwa ameshamfikia. Na ajasta ikiteleza upande wa pili, mwanga ukapanda juu ya usawa, haugusi barabara kabisa: unaishia machoni mwa anayekuja. Mimi natumia barabara ya Chalinze kwenda Morogoro usiku kwa sababu ya kazi. Kwa taa yenu, malori yalinipigia full mfululizo tangu Mikese, madereva wakidhani nimewasha full kwa makusudi. Walikuwa na haki ya kukasirika. Dereva wa lori lenye mzigo aliyepofushwa kwa sekunde mbili ni jambo la kuogopesha, na barabara ile kila mtu anaijua.

Niliirudisha taa. Kijana wa kaunta alinionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha akanishauri nisukumie kipande cha mbao nyuma ya rifleta na kukazia na gundi. Ndugu Meneja, sina ugomvi na kijana huyo, naamini anasema alichofundishwa. Lakini ushauri huo haufai kutolewa na duka la vipuri. Gundi ya kawaida haishiki vizuri kwenye nailoni, plastiki ya vikombe hivyo, joto la balbu na mtikisiko wa barabara vitaibandua, na rifleta iliyokazwa kwa mbao haiwezi kusetiwa tena siku balbu ikibadilishwa au gari likibeba mzigo. Mbaya zaidi, taa iliyobandikwa hivyo inaachia ghafla, usiku, gari likiwa kwenye mwendo.

Nilipokataa nikapewa taa ya mtumba iwe mbadala. Niliomba iwashwe kwa betri ikielekezwa ukutani, na ukingo wa mwanga wake ulikuwa unapanda upande wa kulia. Hiyo ni taa ya gari la nchi wanakoendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Mwanga wa dimu unatakiwa uinuke upande wa kushoto, umulike pembeni ya barabara na watembea kwa miguu, na upande wa kulia ubaki chini kwa ajili ya anayekuja. Taa ile hairekebishiki kwa ajasta yoyote, kwa sababu umbo la mwanga linatokana na kioo na rifleta, si skrubu. Ukiigeuza yote kushoto, unapoteza barabara yako mwenyewe. Nilipoeleza hivyo nikajibiwa kwamba wateja wengine wanachukua na hawalalamiki. Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Wateja hao hawajui, na walio mbele yao usiku ndio wanaolipa gharama.

Gari langu sasa liko sawa, na nataka ujue limekuwaje sawa. Fundi bodi mmoja wa Msamvu alikuwa na taa ya gari kama langu iliyovunjika kioo. Nyuma yake vikombe vyote viwili vilikuwa vizima. Nilimlipa Sh 3,000. Nyumbani niliviloweka kwenye maji ya moto mpaka nailoni ikalainika kidogo, nikakichomeka kimoja kwenye rifleta ya taa yangu ya zamani, nikabonyeza kichwa cha ajasta mpaka kikalia "tak", nikapaka tone la grisi ya silikoni, nikaseti ukutani. Cha pili nimekitunza kwa ajili ya taa ya kulia. Mwanga umetulia, na nimeshapita matuta mengi tangu hapo.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Kwanza nirudishiwe Sh 185,000 kamili. Maandishi ya chini ya risiti hayafuti haki ya mnunuzi aliyepewa kitu kisicholingana na maelezo yake; Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kwamba kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane nayo. Na kuita orijino kitu ambacho si orijino ni kumpotosha mlaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003.

La pili halihusu mfuko wangu. Nyuma ya kaunta yenu niliona rundo la taa zilizopasuka safarini, zinasubiri kutupwa. Kila moja ina vikombe, skrubu na gia za ajasta ambazo zinaweza kutolewa na kuuzwa zikiwa peke yake. Magari ya umri wa langu ni mengi sana nchini, na wenye magari hayo wengi hawana pesa ya taa nzima, ndiyo maana wanaishia kwenye mbao na gundi. Mkiviweka vikombe hivyo kwenye droo na kuviuza hata kwa Sh 5,000, mtapata faida, na barabara itapata taa zinazotazama mahali pake.

Na taa zozote za nchi wanakoendesha kulia ziondolewe kwenye rafu za mauzo. Hili siombi kama hisani.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Zikipita bila jibu, nitapeleka barua hii pamoja na vielelezo Tume ya Ushindani. Taa yenu iko kwenye boksi lake, haijapigwa gundi wala kuchokonolewa zaidi ya kufunguliwa kifuniko cha ajasta, na fundi wenu anakaribishwa kuikagua mbele yangu. Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya kioo kisicho na jina, na picha ya gia yenye meno yaliyosagika.

Wako,
Mteja wenu, Morogoro